Picha Moja ya Heshima

Mama yake Kifungo hakuacha picha hata moja ya heshima, na jambo hilo halikumkera mtu yeyote mpaka siku alipofariki.

Alikuwa muuza misumari. Alisimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi tangu Kifungo hajaota meno mpaka Kifungo mwenyewe akaanza kung'oa mvi za kwanza kwa siri, akipima misumari, bawaba, makufuli na koki za maji, na hakuna fundi mjini ambaye alikuwa hajachapwa na ulimi wake. Mafundi wakipata kibarua mgeni walimtuma dukani kwa Mama alete kilo mbili za mashimo ya misumari. Kibarua anafika anahema. Mama hata hatabasamu. "Unataka mashimo ya inchi mbili au ya inchi tatu?" Yule anakuna kichwa, anarudi mbio kuuliza, anakuja tena na jibu, na Mama anamwambia kwa huruma kubwa, "Ya inchi tatu yamekwisha, baba. Kaa hapo kwenye benchi, ndiyo yanatobolewa." Wapo waliokaa mpaka wakasinzia.

Mtu wa namna hiyo ukimwinulia kamera unamchokoza tu. Katika picha ya harusi yake, mume amesimama wima kama nguzo ya zege, na bibi harusi pembeni amefanya makengeza. Katika picha za harusi za watu wengine wapiga picha waliojua kazi walimpanga nyuma kabisa, lakini nyuma kule ndiko kulikompendeza, maana alimwekea pembe za vidole kila aliyesimama mbele yake. Kitambulisho chake ndicho kilichovunja rekodi. Alipopigwa picha ya kitambulisho alijaza hewa kwenye shavu la kushoto, yule karani akachoka kumbembeleza akabonyeza hivyo hivyo, na tangu siku hiyo kila alipokwenda benki mhudumu alimtazama, akaitazama kadi, akasema kwa aibu, "Samahani mama, naomba ujaze shavu." Naye akajaza, kwa furaha, foleni nzima ikiangalia.

Alipofariki, Kifungo na kaka yake walichanganyikiwa kama wanavyochanganyikiwa watoto wote. Kaka, ambaye ni kinyozi, alipewa kazi ya kutafuta picha ya kuweka mbele ya watu siku ya mazishi. Akachukua ya kwanza iliyomjia mkononi, akaipeleka kukuzwa bila kuitazama vizuri kwa sababu macho yalikuwa yamejaa machozi. Kitambaa kilipoondolewa kwenye fremu, Mama alikuwa ametoa ulimi, umeanguka upande, na jicho moja amelifumba.

Hapakuwa na nyingine. Ikabaki. Jirani yao, mama mtu mzima mwenye sauti, aliingia akilia tangu getini kiasi cha kutetemesha mabati. Alipofika mbele ya picha kilio kikamkwama kooni. Akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakaanza kucheza, watu wakamkimbilia wakamshika huku na huku wakidhani amezidiwa na uchungu. Alikuwa anacheka. Na msoma wasifu alipofika kwenye maneno "marehemu alikuwa mtu mtulivu," akainua macho bahati mbaya akakutana na ule ulimi, akalisoma neno "mtulivu" mara kadhaa, na kila mara likatoka na mkwaruzo mpya.

Mama Mkubwa hakucheka. Mama Mkubwa alikuwa dada mkubwa wa marehemu, matroni wa bweni la wasichana kwa miaka mingi mpaka alipostaafu, mwanamke ambaye inasemekana aliweza kunusa kiberiti ndani ya sanduku lililofungwa. Alikaa kiti cha mbele, mgongo umenyooka, akaitazama ile picha mwanzo mpaka mwisho kama anaipa adhabu.

Mwaka ulipokaribia kutimia, aliwaita watoto wa mdogo wake nyumbani kwake. Akawakaribisha chai, akasubiri mpaka vinywa vyao vimejaa, ndipo akasema.

"Tutakutana hapa sebuleni kwangu kumkumbuka mama yenu. Ndugu, majirani, na watu wa kazini kwake. Nataka picha pale ukutani." Akaonyesha kwa kidole msumari uliokwisha kupigwa. "Picha ya heshima. Mdomo umefungwa, macho yanaangalia mbele, mashavu yako mahali pake."

"Mama Mkubwa, ya namna hiyo haipo," Kifungo akasema.

"Mtu hawezi kuishi miaka yote ile asifumbe mdomo hata mara moja."

"Alifumba," Kaka akasema, "ila hapakuwa na kamera."

"Mwanangu, sijakuomba unichekeshe. Nimeomba picha."

Wakatafuta. Walipekua bahasha, makabati, simu za zamani, albamu za shangazi na za majirani. Walimkuta Mama amejiwekea vibanio vya nguo masikioni. Walimkuta amejificha nyuma ya toroli, mguu tu unaonekana, na mguu wenyewe ni mkono aliouvika soksi. Walicheka mpaka mbavu zikauma, halafu Kifungo akaanza kulia katikati ya kicheko, halafu wakacheka tena, na jioni ikafika hawana kitu.

Wakaenda kwa mpiga picha. Huyu alikuwa mzee mnene mwenye studio juu ya duka la dawa, na pazia lake la maporomoko ya maji lilikuwa limewapamba watu wa mji ule vizazi viwili.

"Mama yenu," alisema, akaketi ili asikumbuke akiwa amesimama, "nimempiga picha kuliko mtu yeyote, na sijampata hata mara moja."

Akawaambia kompyuta siku hizi inafanya miujiza. Akaichukua ile picha ya ulimi, akaukata ulimi, akaufunga mdomo, akalifumbua jicho na kulinyoosha lenzake, kazi ya muda mrefu ambayo aliifanya akipumua kwa pua. Kisha akawageuzia kioo cha kompyuta.

Wakaitazama. Kaka akakohoa.

"Huyu ni mtu aliyekuja kutukatia maji."

"Ametulia lakini," mpiga picha akajitetea.

"Ametulia. Sasa ni nani?"

Mpiga picha akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Macho yake yakaanguka juu ya Kifungo yakakaa pale. "Dada, hebu geuza shingo kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo."

Kaka alielewa kabla ya mdogo wake, na uso wake wote ukawaka kama taa ya kinyozi.

"Hapana," Kifungo akasema.

"Sijasema kitu," mpiga picha akajibu.

"Hapana kwa hicho hicho ambacho hujakisema."

Wakati huo simu ya Kaka ikalia. Alikuwa Mama Mkubwa. Kifungo akamwona kaka yake akisimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Ndiyo, Mama Mkubwa. Ipo. Ndiyo, mdomo umefungwa. Tumeipata kwa... kwa mtu." Akakata simu akamtazama dada yake kwa macho ya mbwa aliyekula kiatu.

"Umeshasema ipo," Kifungo akasema.

"Ulimi umeteleza, mdogo wangu. Ni wa ukoo."

Kifungo alikuwa fundi wa miwani. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya kioo cha duka dogo, kukaza skrubu zilizo ndogo kuliko punje ya sukari na kunyoosha fremu ambazo watu wamezikalia. Mteja wake wa kudumu alikuwa Mama, ambaye alikalia miwani yake karibu kila wiki na kila mara alidai kiti ndicho kilichoanza. Miwani ile ya mwisho, mguu mmoja umefungwa kwa waya, ilikuwa bado kwenye droo ya Kifungo. Hakuwa ameweza kuitengeneza wala kuitupa. Jumamosi iliyofuata akaitoa, akaukaza mguu vizuri, akafuta vioo, akaenda nayo studio.

Kaka alikuwa amekwisha kufika na sanduku lake la kinyozi. Alimkalisha mdogo wake kwenye stuli, akampulizia poda nywele mpaka zikawa na mvi zinazoaminika, akamchora mikunjo pembeni mwa mdomo kwa penseli ya nyusi, akarudi nyuma, akasogea, akafuta mkunjo mmoja. "Huo alikuwa nao wakati akidanganya tu," akasema. Kisha akamtolea gauni. Lilikuwa la bluu lenye kola nyeupe, lile ambalo Mama alilivaa akitaka watu wafikiri amekuja kwa amani.

Kifungo akalivaa nyuma ya pazia la maporomoko. Likamwenea. Hilo halikumfurahisha, maana siku zote alikuwa akijiambia yeye ni mwembamba kuliko Mama. Akaingiza mkono mfukoni, vidole vikagusa kitu cha baridi. Nati. Nati moja ya chuma ya bomba la nusu inchi. Mama alitembea na vitu hivyo kila mahali, vilidondoka kitandani, vilipatikana ndani ya mkoba wa kwendea harusini, na mara moja kimoja kilitokea katika chai ya mgeni. Kifungo akaikunja nati mkononi, akatoka.

Mpiga picha alipomwona akasahau mwenyewe akasema, "Shikamoo mama." Halafu akaona haya akaanza kuhangaika na taa.

Kazi ilikuwa kutulia. Kila kamera ilipoinuka, Kifungo alihisi ulimi ukimwasha kwa ndani kama mtoto anayegonga mlango. Alijaribu kufikiria kodi ya pango. Kaka akapiga chafya ya poda, wakaangua kicheko wote watatu, mkunjo mmoja ukafutika ikabidi uchorwe upya.

"Fikiria jambo la huzuni," mpiga picha akamshauri.

Akafikiria siku zile za mwisho hospitalini. Lakini hata huko daktari alipomgongagonga Mama mgongoni asikilize mapafu, Mama alikuwa amesema kwa sauti ya chini, "Karibu, mlango haujafungwa." Kifungo akacheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Usifikirie kitu basi," mpiga picha akasema, amechoka. "Kaa tu."

Akakaa. Nati ilikuwa imepata joto la kiganja chake. Ikamjia kwamba mkono wa Mama ulikuwa umeingia mfuko huu huu, labda ukiitafuta leso, ukaikuta nati hii ukaiacha. Jambo dogo kiasi hicho. Akatamani tu Mama awepo, amwone na poda yake kichwani, amcheke. Taa ikawaka na kuzimika.

Kwenye kioo cha kompyuta Mama alikuwa amekaa, amefumba mdomo, anawatazama. Hakuwa na mzaha wowote. Kifungo alikuwa hajawahi kumwona namna ile, wala hakujua kama aliwahi kuwa namna ile akiwa peke yake, duka limefungwa, watoto wamelala. Kaka alitoka nje kwenye ngazi akakaa huko kitambo. Aliporudi macho yalikuwa mekundu. "Poda," akasema.

Siku yenyewe nyumba ya Mama Mkubwa ilijaa mpaka viti vya kuazima vikaisha, watu wakakalia makreti ya soda. Picha ilikuwa juu ya ule msumari, imefunikwa kwa kitambaa cheupe. Mama Mkubwa mwenyewe ndiye aliyekivuta.

Akasimama pale. Akainua mkono akagusa kioo mahali pa shavu, na yule mwanamke ambaye mabinti wa bweni walikula kiapo kwamba hana machozi, alilia bila sauti, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola. "Ndiye," akasema. "Ndiye mdogo wangu kabisa."

Kifungo alitamani sakafu impokee. Alimtafuta Kaka kwa macho, akamkuta anakagua dari.

Mambo yangeishia hapo kama watu wangekuwa wanyamavu. Lakini aliyekuwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, bosi wa Mama, akaomba kusema neno. Akasimama na fimbo yake akaielekeza kwenye picha. "Hii picha naikumbuka sana. Ni siku niliyompa zawadi ya mfanyakazi bora. Nilimwambia, 'Leo, mama, hakuna mchezo,' na kwa heshima yangu akatulia."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Kifungo akakohoa ndani ya kikombe chake.

"Samahani bosi," fundi mwashi mmoja akasema kutoka kwenye kreti, "siku hiyo ni tofauti. Hii ni ile tuliyopiga wakati wa kuezeka ghala. Mimi nilikuwa pembeni yake hapa kushoto. Ona kivuli hiki? Ni bega langu. Wamenikata."

"Wamekukata kweli," mwenzake akaunga mkono. "Mimi ndiye niliyeshika kamera."

Jirani yule mwenye sauti naye hakukubali kuachwa nyuma. Alieleza kwamba gauni lile yeye ndiye aliyemwazima Mama, kwamba picha ilipigwa uani kwake, na kwamba mara tu baada ya kupigwa Mama alimwambia maneno mazito kuhusu maisha ambayo hangeweza kuyasema mbele ya watu. Akabembelezwa. Akayasema. Yalikuwa marefu, na hayakufanana na neno lolote lililowahi kutoka kinywani mwa Mama. Kaka alichukua birika lililojaa akaenda nalo jikoni kulijaza. Kifungo akabaki na sinia la vikombe, akizungukia wageni na kuyauma mashavu yake kwa ndani, akipita chini ya uso wake mwenyewe.

Mwishowe Mama Mkubwa akasimama. Alikuwa amekwisha kujipangusa, na sauti imerudi kuwa ya matroni.

"Nimewasikia nyote na nimefarijika," akasema. "Kwa hiyo nimeamua. Picha hii itachongwa kwenye jiwe la kaburi. Ukubwa huu huu. Ikae pale milele."

Watu wakapiga makofi. Kikombe kikamponyoka Kifungo.

"Sema naye," akamwambia kaka yake nje, karibu na bomba la maji.

"Mimi? Uso ni wa nani?"

"Wazo lilikuwa la nani?"

"La mpiga picha. Mimi nilitia poda tu."

Hawakusema. Siku zikapita, na Kifungo akaanza kuamka akijishika shavu. Alijiambia jiwe ni jiwe. Kisha alijiona anapeleka maua makaburini, watu wanapita, wanatazama jiwe, wanamtazama yeye, wanaongeza mwendo. Alijiwazia pia siku yake mwenyewe ikifika, jinsi watu watakavyouliza mbona huyu amezikwa mara mbili.

Asubuhi moja mlango wa duka la miwani ukafunguliwa, akaingia mzee mrefu mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Alijitambulisha kuwa fundi wa mawe, ametumwa na Mama Mkubwa kuuliza maneno ya kuandika. Akatoa nakala ya ile picha kwenye bahasha akaiweka juu ya kaunta. Akainua macho kumtazama Kifungo. Akaiangalia picha. Akamwangalia Kifungo. Akavua kofia taratibu.

"Samahani," akasema. "Wewe... ni mzima?"

"Mzima, baba."

"Kabisa?"

"Nina mafua kidogo."

Mzee akarudi nyuma hatua moja mpaka mgongo ukagusa rafu ya fremu. "Mimi nimechonga nyuso nyingi," akasema kwa sauti iliyopungua. "Haijatokea nimkute mwenyewe anauza miwani."

"Nafanana na marehemu mama yangu," Kifungo akajibu haraka. "Tunafanana sana."

"Hata kidoti hiki chini ya kidevu?"

Mkono wa Kifungo ukaruka wenyewe kwenye kidevu. Mzee akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema basi ni macho yake, yamechakaa kwa vumbi, na kwa kuwa yuko mahali panapohusika, apimwe. Kifungo akamkalisha, akamwonyesha ubao wa herufi. Mzee akasoma mstari wa juu mpaka wa chini kabisa bila kukosea, hata jina la kiwanda lililochapwa pembeni kwa maandishi ya sisimizi. Wakatazamana. Mzee akavaa kofia, akachukua bahasha yake, akatoka kinyumenyume.

Kifungo akageuza kibao cha mlangoni kikaonyesha kwamba duka limefungwa, akaenda moja kwa moja kwa Mama Mkubwa.

Alimkuta uani anachambua mchele kwenye ungo. Akamwamkia, akapokewa, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzunguka: hali ya hewa, bei ya fremu, afya ya Kaka. Mama Mkubwa alichambua tu, anatupa mawe madogo upande.

"Mama Mkubwa, ile picha siyo Mama."

Ungo haukusimama.

"Ni mimi. Nilivaa gauni lake. Mvi ni poda. Nisamehe, hatukuwa na nyingine, na wewe ulitaka..."

"Hereni," Mama Mkubwa akasema.

"Eti?"

"Umevaa hereni masikio yote mawili. Mama yako alitobolewa sikio moja tu. Nilimtoboa mimi kwa sindano, yule mtoto akaruka dirishani sindano ikiwa bado mkononi mwangu, na sikio la pili hakuruhusu mtu aliguse mpaka amekufa."

Kifungo akajipiga paji la uso. Habari ya sikio lile aliijua maisha yake yote, na Kaka aliyekuwa akimnyoa Mama naye aliijua. Ilikuwa imewapita wote wawili.

"Kwa hiyo ulijua tangu ulipovuta kitambaa?"

"Nilipovuta kitambaa mlinipata. Mlinipata kabisa, na sitawasamehe upesi." Sasa akauweka ungo chini. "Ni pale ulipopita na sinia. Nikakuona chini ya picha, nikaona watu wawili wenye kidevu kimoja, nikatazama masikio. Nilikasirika nikataka kumwaga ile chai yote. Halafu bosi wake akasimama akaanza kusema uongo wake, na wa pili akasema wake, na ninyi wawili mnahangaika na mabirika. Nikasema moyoni, kumbe leo ni siku ya michezo. Basi na mimi nicheze."

Kifungo akamtazama mdomo wazi. "Jiwe la kaburi?"

"Jiwe lilikwisha kuchongwa zamani. Lina jina tu."

"Na yule mzee? Alikaribia kuzimia dukani kwangu!"

"Mke wake alikuwa bwenini kwangu. Nilimwambia huyo mume aende akapimwe macho." Kona ya mdomo wa Mama Mkubwa ikacheza. "Amenipigia sasa hivi. Alicheka mpaka simu ikamwanguka."

Akajaribu kujizuia, matroni yule, akabana midomo, akatazama ukuta, mashavu yakamjaa hewa na machozi yakamtoka, kisha kicheko kikampasuka, kikubwa, kibaya, cha kukoroma. Kifungo alikuwa hajapata kukisikia. Kilikuwa kicheko cha Mama. Akakaa kwenye kigoda akikisikiliza mpaka naye kikamchukua.

Walipopata pumzi Mama Mkubwa akajipangusa kwa ncha ya mtandio.

"Unajua kwa nini nilitaka picha? Nilitaka mahali pa kumtazama bila yeye kunicheka. Tangu mdogo alikuwa akinicheka. Nikimfokea ananiiga. Nikasema sasa ametulia, nimtazame kwa amani, nimwambie mambo yangu." Akaguna. "Nimeihamishia chumbani. Nikiitazama namwona yeye. Nikitazama tena nakuona wewe umekaza meno. Nacheka peke yangu kama mwehu. Amenishinda hata akiwa hayupo."

"Niichukue?"

"Thubutu."

Kuku wa jirani akaja kuangalia ungo, akafukuzwa.

"Kaka yako anajua umekuja?" Mama Mkubwa akauliza.

"Hajui. Yeye bado anaamini jiwe linachongwa. Hata chakula hakili vizuri."

"Maskini." Akanyoosha mkono. "Nipe simu yangu hapo dirishani."

Akatafuta namba, akaweka simu kwenye spika, akakaa wima. Uso ukakauka kama umepigwa pasi. Kifungo akaunyakua mto wa kiti akaukandamiza mdomoni.

"Mwanangu," Mama Mkubwa akasema, Kaka alipopokea, "fundi wa mawe ana swali. Anasema kwenye picha ya mama yako kuna kitu cha ajabu kichwani, kama poda. Wewe ni mtu wa nywele. Anauliza aichonge au aiache?"

Kwenye simu mashine ya kunyolea ilisikika ikinguruma, kisha ikazimwa. Mteja akalalamika kwamba amenyolewa nusu.

"Mama Mkubwa," Kaka akasema mwishowe, sauti imekuwa nyembamba kama uzi, "nadhani... aiache."

"Vizuri. Basi njoo kesho asubuhi uandamane naye makaburini, umwelekeze mwenyewe. Uje na poda yenyewe, anataka kulinganisha rangi."

"Kesho?"

"Kesho, mwanangu. Na uje umevaa vizuri, kutakuwa na mpiga picha."